Mtu wa Kutangulia Gari

Wanafunzi wangu wanaotoka Hulugho hufika hapa Garissa wakiwa tayari wanajua kuendesha. Ukimwuliza mmoja wao alianza lini, atakwambia alikuwa hajaota ndevu: lori la ami yake lilikwama kwenye matope ya Sangailu, wanaume wote wakashuka kusukuma, na yeye ambaye hakuwa na nguvu za kusukuma akaachiwa usukani. Hawa siwafundishi gia. Nawafundisha bodi.

Aliyepata leseni Kenya anaijua bodi. Ni meza iliyochorwa mji mzima juu yake: barabara nyeusi, mistari myeupe na ya manjano, raundabauti, taa, vivuko vya waenda kwa miguu, maegesho ya kila namna. Mtahiniwa hupewa kigari cha kuchezea, akakisukuma kwa vidole huku akitangaza kila analotaka kufanya, na mtahini amesimama kando amekunja mikono. Hulugho haina taa ya barabarani hata moja, haina raundabauti, haina lami. Lakini kijana wa Hulugho akitaka kuajiriwa dereva wa ambulensi, sharti kwanza athibitishe kwamba anaweza kupita salama katika mji huo wa mbao.

Mmoja wao alikiweka kigari upande wa kulia. Nikakirudisha kushoto, naye akakirudisha kulia.

“Mwalimu, kwetu ukishavuka Kolbio kila mtu yuko upande huu.”

Hakusema uongo. Somalia huendesha kulia, Kenya kushoto, na Hulugho imekaa pale nchi mbili zinapokutana. Nikamwuliza, je, kwenye barabara ya Hulugho yenyewe, kabla ya kufika mpakani, wao hushika upande gani?

“Katikati,” akasema, na wenzake wakacheka kwa kuwa swali langu lilikuwa la mtu wa mjini. Barabara ya kule ni mifereji miwili ya magurudumu na nyasi kati yake. Magari mawili yakikutana, lenye mzigo hubaki njiani, lililo tupu huingia kichakani. Kanuni hiyo haikuandikwa popote na sijasikia dereva aliyeibishia.

Nina tabia ambayo mke wangu huiona hasara: mimi hukusanya sheria kuukuu za barabara. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, na mifupa yake ilitoka Uingereza. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini bodi inasema inavyosema hana budi kurudi nyuma mpaka Uingereza ya farasi na mitambo ya mvuke. Huko nyuma ndiko nilikokutana na mtu ambaye nimekuwa nikimfuatilia tangu hapo, mtu wa kutangulia gari.

Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mitambo ya barabarani. Kila mtambo uwe na watu wasiopungua 3. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, yaani kilomita 6 na kilomita 3 hivi. Na mmoja wa wale watu atangulie kwa miguu, yadi 60 mbele, kama mita 55, ameshika bendera nyekundu, ili kuwaonya wenye farasi. Filimbi ya mtambo isipulizwe kwa sababu yoyote ile. Mvuke usiachiwe mbele ya farasi. Na mtu yeyote mwenye farasi akiinua mkono tu, mtambo usimame papo hapo.

Watu hupenda kusimulia kwamba bendera hiyo ilidumu mpaka magari ya petroli yalipokuja. Haikudumu. Mwaka 1878 sheria ilirekebishwa, bendera ikaacha kuwa lazima nchi nzima, na umbali ukapunguzwa hadi yadi 20. Aliyebaki ni yule mtu. Gari la petroli lilipofika Uingereza miaka ya 1890 lilihesabiwa kuwa mtambo kama mingine, nalo likatakiwa liwe na mtu wake wa kutangulia. Januari 1896 bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, hana mtu mbele. Polisi aliyekuwa nyumbani kwake akamwona, akapanda baiskeli, akamfukuza kama maili 5 mpaka akamkamata. Kwa kosa la mwendo alitozwa shilingi 1. Makosa mengine, likiwamo la kukosa watu 3, yalimgharimu zaidi. Mwaka huohuo, tarehe 14 Novemba, sheria mpya ikaanza kazi, mwendo ukapandishwa hadi maili 14, na wenye magari wakafunga safari ya pamoja kutoka London hadi Brighton kusherehekea. Kwenye kifungua kinywa chao, mheshimiwa mmoja, Lord Winchilsea, alirarua bendera nyekundu mbele ya wageni, ilhali kwa miaka 18 bendera hiyo haikuwa lazima kisheria.

Darasa langu hucheka kwenye shilingi ya Arnold. Wale wa Hulugho hawacheki kwenye mtu wa kutangulia, kwa sababu wanamjua. Kwao anaitwa tanboi.

Mvua za Aprili, ambazo kule huitwa Gu, zikishapiga eneo la Ijara, iliko Hulugho, udongo mweusi hufura na kunata kiasi kwamba gurudumu hujivika tope mpaka halizunguki tena. Hapo dereva mwenye akili husimamisha lori. Tanboi huvua viatu, hukunja suruali, huchukua fimbo na kutangulia. Huingia dimbwini, hupima kina, huchoma fimbo kushoto na kulia akitafuta mahali pagumu, kisha huinua mkono: njoo, njoo, simama. Lori humfuata kwa mwendo ambao Bunge la 1865 lisingekuwa na lawama nao. Na juu ya mzigo wamekaa abiria, kina mama, mbuzi, magodoro, mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali, wote macho yao kwenye mgongo wa kijana mmoja mwenye fimbo. Baba yangu alianza kazi hivyo kabla hajawa dereva. Alikuwa akisema dereva wa Ijara hujulikana kwa tanboi wake, na kwamba tanboi mwoga ni bora kuliko tanboi shujaa, kwa kuwa mwoga hujaribu dimbwi mara mbili.

(Abiria kukaa juu ya mzigo ni kosa kisheria, nalo nalifundisha kama kosa. Mwanafunzi akiniuliza basi watu wa Hulugho wasafiri na nini wakati hakuna basi linaloweza kupita, namwambia swali hilo halimo katika mtihani.)

Na mkono ulioinuliwa, ule wa mwenye farasi? Huo nao upo. Mchungaji akitokea vichakani na kundi lake akainua fimbo juu, lori husimama na dereva huzima injini, wala asithubutu kupiga honi. Ngamia akishtuka hukimbia na kundi zima humfuata, na kuwakusanya ni kazi ya siku. Farasi wa Kent alilindwa kwa kifungu cha sheria. Ngamia wa Hulugho analindwa na hasara ambayo kila dereva anaijua bei yake.

Waingereza wenyewe walipokaa kuandika nani ni mnyama barabarani, ngamia hawakumkumbuka. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1930 inamtaka dereva asimame na kutoa jina lake iwapo gari limemdhuru mnyama, kisha inamtaja mnyama ni nani: farasi, ng'ombe, punda, nyumbu wa kubebea mizigo, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo, na mpaka leo Waingereza wanalalamika juu ya paka wao. Sheria hiyohiyo, kwa namna ya ajabu, ilifuta kikomo cha mwendo kwa magari madogo. Ukaja mwaka 1931, wakatoa kitabu cha kwanza cha kanuni za barabara, bei senti yao moja, wakati ambapo nchi ilikuwa na magari milioni 2.3 na watu zaidi ya 7,000 wakifa barabarani kila mwaka. Kitabu hicho kiliwafundisha hata wenye mikokoteni ya farasi jinsi ya kuonyesha kwa mjeledi kwamba wanataka kukata kona. Kikomo cha mwendo kilirudi mwaka 1935, maili 30 kwa saa penye makazi, na mwaka huohuo ndipo mtihani wa udereva ukawa lazima. Maana yake ni kwamba maofisa walioletwa kututawala huku na magari yao kabla ya hapo, karibu wote, walikuwa hawajawahi kutahiniwa na mtu.

Nimekaa sana Uingereza. Nakaa kule kwa sababu ndiko sheria zinakochekesha. Huku kwetu sheria ya barabara ilikuwa ya namna nyingine, na ukiisoma huioni imeitwa ya barabara.

Tazama mwaka 1926. Januari ya mwaka huo Lionel Douglas Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, aliendesha gari kutoka Nairobi mpaka Mombasa, safari ambayo kabla yake haikuwa imefanywa kwa gari. Mnara wake umesimama Nairobi mpaka leo, pembeni mwa Barabara ya Kenyatta, na mamia hupita bila kuutazama. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpakani Kaskazini, NFD, kuwa eneo lililofungwa. Walitumia sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni: asiye mwenyeji haingii bila kibali, na wenyeji nao walibanwa kutoka. Hakuna kifungu kinachotaja breki, taa wala mwendo. Gari lako lingeweza kuwa bovu kabisa. Kilichoulizwa ni jina lako, kabila lako, unakwenda kwa nani, utarudi lini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokusanya sheria za zamani kwa ajili ya kicheko. Sheria ya 1865 iliogopa chombo. Yetu ilimwogopa aliyepanda.

Na mpaka wenyewe ulikuwa mchanga. Hadi Juni 1925 Jubaland yote ilikuwa chini ya Uingereza, Kismayu ikiwa mji wa bandari wa himaya ileile iliyotawala Garissa. Mtu wa Hulugho aliyepeleka ng'ombe Kismayu hakuwa amevuka kitu chochote ila vichaka. Kisha Uingereza ikaikabidhi Italia Jubaland kama malipo ya kushirikiana katika Vita vya Kwanza, tume ya mipaka ikatembea ikisimika nguzo, na soko la karibu likawa ng'ambo. Njia ya mifugo haikuhama. Ila aliyekuwa akiifuata alianza kuitwa mvukaji.

Mwaka 1934 waliongeza sheria ya wilaya maalumu. Hiyo iliwapa wakuu wa wilaya uwezo wa kuwapangia watu maeneo ya malisho na kuwakataza kuyaacha, na ukoo mzima uliweza kutangazwa kuwa wa uadui, watu wake wakamatwe na mifugo yao itwaliwe kwa kosa la mmoja. Ukiniuliza mimi, hiyo nayo ni sheria ya trafiki, kwa kuwa inasema nani apite wapi. Wenye magari walikuwa wachache mno wasistahili kuandikiwa sheria yao, hivyo waliandikiwa wenye miguu.

Baba yangu alianza utanboi miaka ya 1950, lori la mfanyabiashara mmoja wa Garissa likipeleka sukari, majani ya chai na nguo, na kurudi na ngozi na samli. Alikuwa na karatasi zake amezikunja ndani ya kibati cha tumbaku ili mvua isizifikie. Barabara ilifungwa kila mvua ziliponyesha, kwa amri ya mkuu wa wilaya, kwa kizuizi cha mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, na lori lililochelewa lilikaa pale mpaka ardhi ikauke. Kizuizi kililindwa na dubas, polisi wa kikabila wa serikali, wenye vilemba vyekundu. Sisemi kilemba kile kilikuwa bendera ya 1865. Lakini baba alisimulia kwamba rangi hiyo nyekundu ikionekana mbali katikati ya nyasi kavu, dereva alianza kukanyaga breki kabla hajajua kwa nini.

Kulikuwa pia na leseni za biashara ya uchukuzi chini ya sheria ya mwaka 1937, iliyotungwa ili malori yasiinyang'anye reli mizigo. Garissa haina reli hata leo. Bodi ya leseni za uchukuzi iliyozaliwa na sheria hiyo, TLB, iliendelea kutoa vibali vya magari mpaka ilipoondolewa na sheria ya mwaka 2012 iliyounda mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na mimi ninao wanafunzi wazee ambao bado huita karatasi yoyote ya gari “tii-eli-bii”.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba 1963. Kenya ilipata uhuru tarehe 12. Kabla mwezi haujaisha, huku kwetu ilitangazwa hali ya hatari. Vita vya shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vilikuwa vimeanza, serikali mpya ikazikuta sheria za wakoloni mezani, ikaziongeza, ikazitumia. Kandokando ya mpaka kukawa na ukanda uliopigwa marufuku. Magari ya biashara hayakuruhusiwa kusafiri peke yake: yalikusanywa yakatimia msafara, askari mbele, askari nyuma. Baada ya muda mabomu yakaanza kutegwa ardhini.

Hapo mtu wa kutangulia akarudi. Sasa ni askari, anatembea mbele ya msafara ameinamia ardhi, anapapasa, na nyuma yake injini zinanguruma kwa gia ya kwanza. Baba wakati huo alikuwa ameshapewa usukani. Kanuni waliyopewa madereva ilikuwa moja: gurudumu lako liingie palepale lilipopita gurudumu la aliye mbele yako, usitoke hata kwa upana wa kiganja. Kwenye bodi mimi nafundisha kinyume chake, kwamba mwachie nafasi aliye mbele, uone barabara. Baba alipostaafu aliwahi kuja kuketi darasani kwangu, akasikiliza nikieleza nafasi ya usalama kati ya magari, akatikisa kichwa muda wote. Hakusema neno. Alipotoka aliniambia tu kwamba madereva niwafundishao hawatafika Kolbio.

Vita viliisha kwa mapatano ya Arusha mwezi wa Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Hali ya hatari haikuisha. Iliendelea miaka 24 zaidi, mpaka tarehe 29 Novemba 1991. Kijana aliyezaliwa Hulugho mapatano yakitiwa saini alikua, akaoa na kuzaa akiwa chini ya amri za vita asivyoviona. Katikati ya hayo, mwaka 1989, ukaja msako wa kuwachuja Wakenya Wasomali na kadi ya ziada ya kubeba pamoja na kitambulisho. Dereva wa lori akawa na karatasi nyingi kuliko vipuri. Zile sheria mbili za zamani, ya 1902 na ya 1934, zilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya, zikiwa Sura ya 104 na Sura ya 105, mpaka zilipofutwa mwaka 1997 katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi. Simu za mkononi zilikuwa zimefika nchini, na sheria ya kibali cha kuingia NFD ilikuwa bado hai.

Kufutwa kwa sheria na kuondolewa kwa kizuizi ni mambo mawili. Pale darajani kwenye mto Tana, basi la Nairobi husimama, abiria hushuka wakiwa na vitambulisho mikononi, hukaguliwa, hupanda tena. Wazee wa hapa wakivuka daraja bado husema wanakwenda Kenya. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, kafyu ilianza saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, na madereva wa Hulugho wakarudi kuhesabu safari kwa jua. Mpaka wenyewe ulifungwa rasmi, ukakaa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba itaufungua kwa awamu, kisha ikaahirisha. Na tangu majeshi ya Kenya yaingie Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa yamerudi kwenye barabara za upande ule wa msitu wa Boni, na yule askari anayetembea mbele ya gari ameinama amerudi nayo.

Sitaki msomaji adhani kwamba barabara ya Hulugho ina sheria za serikali tu. Iliyo na nguvu kuliko zote haina sura wala nambari, na ilikuwapo kabla ya gari la kwanza. Ni maslaha, usuluhishi wa wazee. Gari likiua mtu, Sura ya 403 ina kifungu cha 46 juu ya kusababisha kifo, na polisi hufungua faili. Huku nje wazee wa pande mbili wanakuwa wameshaketi. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume ni ngamia 100, ya mwanamke 50, na ukoo wa dereva huchangishana. Mimi sikubaliani na mizani hiyo, na nimewahi kuwaambia wazee hivyo mbele ya chai yao. Walinisikiliza kwa adabu na wakaendelea. Wala sipendi faili zinazokufa kwa kuwa mashahidi wote wamekwisha kula kiapo cha amani. Lakini nitasema jambo moja kwa upande wao: wazee huuliza maswali ambayo trafiki haulizi.

Niliitwa kwenye kikao kimoja kama mtu wa magari. Lori lilikuwa limemgonga ngamia jike usiku, njia ya Bothai, ngamia akafa na ndama tumboni. Walitaka niseme kuhusu breki. Kabla ya zamu yangu waliuliza: mnyama alikuwa juu ya njia au kichakani? Alikuwa na mchungaji, na mchungaji alikuwa na tochi? Ngamia anayeongoza kundi alikuwa na kengele shingoni? Lori lilikuwa na mzigo au tupu? Hilo la mwisho sikulielewa mpaka mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza: “Adeer, lenye mzigo haliwezi kukwepa. Tupu lingeingia kichakani.”

Lilikuwa tupu. Nikaeleza breki, nazo zilikuwa mbaya, na taa ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Mwenye ngamia alidai ndama ahesabiwe kama jike. Wakabishana juu ya jinsia ya ndama mpaka sala ya alasiri. Mwishowe walikata: mama alipwe kamili, ndama nusu, na kwa kuwa mchungaji hakuwa na tochi, sehemu ipunguzwe. Mwenye lori alipewa misimu miwili ya mvua kumaliza deni.

Nilipopewa nafasi ya kuongeza neno, nikauliza kama dereva ana leseni. Hakuwa nayo. Mwenyekiti wa kikao alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema hilo ni shauri la serikali, na hapa wamekutana kwa ajili ya ngamia.